Dereva wa Kiti cha Kushoto

Karani wa kampuni ya saba ya bima alinikaribisha kiti, akageuza kompyuta yake kidogo ili nisiione, kisha akasoma kimyakimya huku midomo ikimcheza. Nilijua anachosoma. Wenzake sita waliomtangulia walisoma hayohayo, na wote mwishoni walinitazama kwa uso mmoja, uso wa mtu aliyeombwa amshike nyoka mkia.

"Mzee," alisema, "ajali tisa."

"Ndiyo."

"Ndani ya miaka kumi na minne."

"Kuhesabu najua, kijana."

"Mfumo umekuweka kwenye kundi la madereva wa hatari. Si mimi, mzee wangu. Ni mfumo."

Siku hizi kila mtu ana mfumo wa kuusingizia. Zamani mtu akikunyima kitu alikunyima yeye mwenyewe, ukajua wa kumnunia. Nilichukua kadi ya gari na leseni yangu nikatoka bila kuaga. Pale mlangoni wamebandika picha kubwa ya familia inayocheka ndani ya gari, baba kashika usukani kwa mkono mmoja, kiwiko kakitoa dirishani. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemshusha njiani arudi kwao kwa miguu.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi si dereva mbaya. Nimeendesha miaka thelathini na nane, na mikono yangu haijagonga hata kuku. Ila kazi yangu ni kufundisha udereva. Gari la kufundishia lina pedali za ziada, klachi na breki, upande wa kushoto anakokaa mwalimu, na ndiyo sababu mjini wananiita Mwalimu Breki. Sisi walimu wa zamani tulikuwa na msemo wetu: mwanafunzi hagongi, anayegonga ni mwalimu. Gari likikwaruza ukuta, likivunja geti la watu, likiingia mtaroni, trafiki akija na fomu yake, kwenye mstari wa dereva tuliandika jina la mwalimu. Mwanafunzi mwenye ajali kwenye faili kabla ya mtihani alikuwa hapati leseni, na wengi wao kazi ilikuwa inawangoja, leseni tu ndiyo iliyokosekana. Tuliona ni utu. Nani alijua kwamba siku moja makampuni yote ya bima yataunganishwa, na kila fomu niliyojaza itanisubiri kwenye kompyuta kama mdai?

Mwenye shule yetu alipofariki, watoto wake walifunga shule, wakanipa gari moja kuukuu lenye pedali pande zote mbili liwe asante yangu. Nikasema vizuri, nitafundisha peke yangu. Kibali changu cha ualimu kilikuwa kinaisha Ijumaa, na ofisi ya leseni haihuishi kibali cha gari lisilo na bima. Na mtu aliyevuka miaka sitini, kibali kikimfia mkononi, haruhusiwi kuomba kipya. Mimi nina sitini na mbili. Ikipita Ijumaa bila bima, kwisha habari yangu.

"Wema usizidi uwezo," alisema mke wangu bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Nilikwambia."

Kweli aliniambia. Mara tisa.

Jumanne nilikwenda kwa wakala mmoja anayeitwa Mama Stika. Wamempa jina hilo kwa sababu hata dereva aliyefukuzwa kila mahali hutoka kwake na stika ya bima kwenye kioo. Ofisi yake iko juu ya duka la matairi, na ngazi nzima inanuka mpira. Kwenye benchi niliwakuta wawili: mmoja amevaa kola ngumu ya hospitali shingoni, mwingine, dereva wa teksi, ananuka pombe saa tatu asubuhi. Walinisogezea nafasi nikae. Hao ndio waliokuwa wenzangu sasa, na iliniuma.

Mama Stika alipitisha kalamu kwenye orodha yangu. "Mtaro. Ukuta. Geti. Mtaro tena. Mwalimu, wewe na mitaro mna undugu?" Alicheka, kisha kalamu ikasimama. "Hizi nane ni mikwaruzo tu, hata hazinitishi. Hii moja ndiyo inayokuzamisha. Mwenda kwa miguu kagongwa, kavunjika nyonga. Dereva, wewe."

Niliitazama kalamu yake.

Alivua miwani. "Mwalimu, mimi nimekaa na waongo miaka ishirini, nawajua kwa harufu. Nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mpwa wangu," nikasema. "Mtoto wa dada yangu."

Ilikuwa miaka sita nyuma, karibu na soko. Binti alibakiza siku kumi afanye mtihani, na mama yake alikuwa amemnunulia viatu vya njano vya kufanyia mtihani huo, akaja navyo siku hiyo avizoee. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani akatokea katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa. Mpwa wangu alishtuka, shingo ikamkakamaa, na mguu wake ukabaki palepale ulipokuwa, kwenye pedali ya mafuta, ukazidi kuzama. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, naandika tarehe ya mtihani wake. Nilipoikanyaga breki yangu tulikuwa tumeshafika. Nikamwambia binti, shuka, zunguka, ukae huku. Trafiki alipokuja alinikuta mimi nyuma ya usukani. Dada yangu alinishika mikono yote miwili akalia: "Umemsitiri mwanangu, na wewe usitirike." Binti akafaulu mtihani kwa mara ya kwanza, na tukafurahi kama watu wasio na jambo.

Mama Stika alinisikiliza mpaka mwisho. "Iko kampuni moja itakupokea ukisahihisha hii," alisema. "Wewe na yeye mnaandika maelezo kwamba mwanafunzi ndiye aliyeshika usukani, mnasaini wote wawili, tunaita makosa ya ujazaji wa fomu. Lakini sikiliza. Ukiandika peke yako, bila saini yake, hapo unakiri kwamba uliidanganya bima. Na mtu wa hivyo haandikiwi bima na yeyote mpaka anaingia kaburini."

"Na yeye akisaini?"

"Jina lake litaingia kwenye mfumo. Anafanya kazi gani?"

"Anaendesha basi la shule."

Mama Stika alirudisha miwani machoni. "Basi kazi unayo," alisema, akamwita yule mwenye kola.

Nilirudi nyumbani kwa kupitia sokoni, kama kawaida yangu. Yule mama wa nyanya bado yuko palepale, ila sasa hauzi akitembea. Ana meza, na mkongojo umeegemezwa ubavuni mwake. Kila nikipita huniita kwa sauti watu wote wasikie: "Mwalimu! Nimekusamehe, unajua?" Miaka sita, kila ninapopita. Nami hununua nyanya hata kama nyumbani zinaoza. Siku ile pia nilinunua, nikamshukuru, nikaenda zangu nikiwa na fomu ya Mama Stika mfukoni.

Mpwa wangu anaishi vyumba viwili na mama yake na watoto wake wawili. Nilimkuta anaanua nguo. Dada yangu alikuwa kwenye mkeka anachambua mboga, akafurahi kuniona, akasema nimekonda. Nilipotoa ile fomu na kueleza nilichojia, kisu chake kilisimama.

"Mjomba, nikisaini nafukuzwa siku hiyohiyo," alisema binti.

"Najua, mwanangu."

"Mambo ya miaka sita! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Mimi ndiye ninayekufa nayo."

Dada yangu aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa, kwani nikiacha kufundisha nitakufa njaa? Mke wangu si anashona? Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mwanamume hakai nyumbani kuhesabu vifungo. Maneno ya kijinga, lakini niliyasema.

Binti akakunja shuka polepole, ncha kwa ncha. Kisha akaja na neno ambalo sikulitegemea. "Mjomba, panda basi langu Alhamisi uone ninavyoendesha. Mimi si yule wa zamani. Ukiona sifai, nitasaini kwa mkono wangu. Ukiona nafaa, ichane hiyo karatasi."

Nilikubali. Nitasema ukweli: nilitaka nimwone hafai. Nilikwenda kulala nikimwombea mtoto wa dada yangu aharibu kazi, ili mimi nipate bima.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikaa kiti cha mbele kushoto. Nyuma kulikuwa na watoto ishirini na wawili, na dada mmoja wa kuwapandisha na kuwashusha. Mpwa wangu alifunga mkanda, akarekebisha vioo, akageuza shingo kutazama pale ambapo kioo hakifiki, ndipo akaondoa gari. Alibadilisha gia bila kuitazama. Kwenye mzunguko alingoja zamu yake, kwenye kivuko alisimama kabla ya mstari, si juu ya mstari. Hasira yangu yote ilianza kuyeyuka. Nilimfundisha mimi huyu. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kuigusa ile karatasi, na nikajisemea, mzee, ichane, ukubali yaishe.

Tulipofika karibu na karakana ya maseremala, mtu mmoja akatokea kichochoroni akisukuma baiskeli iliyobeba mbao, mbao zimetangulia mbele yake kama pembe. Nilimwona. Nikaiona na shingo ya mpwa wangu ikikakamaa. Injini ikanguruma.

Mguu wangu wa kulia ukakanyaga. Hapakuwa na kitu. Nikakanyaga tena kwa nguvu zangu zote, na chini ya kiatu changu hapakuwa na pedali, palikuwa na zulia la mpira na bati. Nilimrukia, nikaivuta breki ya mkono mpaka bega likalia. Basi likaserereka upande, likasimama mbao zikigusa kioo cha mbele. Mwenye baiskeli alikuwa mtaroni, mzima, anatukana mpaka babu zetu. Mtoto mmoja alikuwa amepasuka mdomo na damu inamchuruzika kwenye shati la shule.

Nilitegemea kelele. Watoto hawakupiga kelele. Kasichana kamoja kenye pengo, nyuma ya kiti changu, kalinigusa bega.

"Babu," kalisema, "leo tumesimama mapema. Siku ile tuliingia mpaka ndani ya kibanda."

"Nyamaza wewe, nani kakuuliza?" alisema yule dada wa kupandisha watoto. Akamtazama mpwa wangu, na mpwa wangu akamtazama yeye. Nilikuwa nalijua jicho lile. Miaka sita nilikuwa nikimtazama hivyo dada yangu kila mara yule mama wa nyanya alipotajwa.

Tulipokwisha kuwashusha watoto nilibaki naye ndani ya basi tupu.

"Kibanda gani?"

"Cha mtu wa simu. Hakukuwa na mtu ndani, Mjomba. Tulimalizana naye."

"Mara ngapi umemalizana na watu?"

Alifungua mkanda wake, akaufunga tena.

"Ulisema nikiona hufai utasaini," nikamwambia.

"Yule mtu alitokea ghafla! Hata wewe ungeshtuka."

"Kila mtu hushtuka, mwanangu. Mguu wako ndio haushtuki."

Alianza kulia, na si machozi ya ujanja. Alisema baba wa watoto wake kaondoka, mama yake mgonjwa wa sukari, akitolewa hapa ataendesha nini? Nikamwambia asiendeshe kitu. Ndipo aliponigeukia, na sijapata kuona macho kama yale kwa mtoto niliyembeba mgongoni.

"Wewe ndiye uliyenipa leseni, Mjomba. Si ungeniacha nifeli?"

Nilishuka kwenye basi. Nilitembea mpaka nyumbani na sikumbuki njia niliyopita.

Ijumaa asubuhi nilipanda zile ngazi za mpira. Benchi lilikuwa tupu. Mama Stika alinyoosha mkono.

"Saini iko wapi?"

"Hamna."

Alishusha pumzi. "Basi tuiache. Kibali kimekwenda, pole, lakini gari utalihitaji. Rudi baada ya mwaka mmoja au miwili, rekodi ikipoa nitakutafutia pa kukuficha. Nimewaficha wabaya kuliko wewe."

"Nipe kalamu."

"Mwalimu, hukunielewa. Bila saini yake unajizika mwenyewe, halafu bima huipati."

"Hii nikiiandika, kampuni inayolikatia bima basi la shule itaiona?"

"Wiki haitaisha."

"Nipe kalamu, mama."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msemo huo nimewaambia wazazi wangapi waliokuja kunibembeleza niwapitishe watoto wao! Kwenye mstari wa dereva niliandika jina la mpwa wangu, majina yake yote matatu. Katika miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kuandika jina la mwanafunzi kwenye mstari ule. Nyuma ya karatasi nikaeleza niliyoyaona Alhamisi, na kibanda, na mdomo wa yule mtoto uliopasuka sikuusahau. Nikasaini peke yangu. Mama Stika alipiga muhuri taratibu, kama anayegonga mlango wa watu waliolala.

Siku ya nane mpwa wangu alitolewa kwenye basi. Dada yangu alikuja nyumbani, akakataa kiti, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. "Ulimsitiri mwanangu ili uje kumvua nguo mbele za watu," alisema. "Kuanzia leo usiniite dada." Mke wangu alizima cherehani. Nilingoja aseme alikuwa ameniambia, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakusema. Afadhali angesema.

Gari alilinunua mwuza vyakula vya kuku, kwa sharti kwamba pedali za kushoto zing'olewe, kwani zilikuwa zinamzuia kupanga magunia. Fundi alizifungua kwa dakika kumi. Nilimwambia azitupe.

Sasa natembea kwa miguu. Kwa wiki mbili nilizunguka nyuma ili nisipite sokoni, kama mwizi. Wiki ya tatu nikajiona mjinga, nikapita.

"Mwalimu!" aliniita yule mama. "Leo kwa miguu? Nimekusamehe, unajua?"

Nikaenda mpaka mezani kwake. "Mama," nikasema, "si mimi niliyekugonga."

Aliendelea kupanga nyanya zake, tatu chini, moja juu.

"Najua," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa chini, Mwalimu, uso kwenye lami. Unadhani mtu aliyelala chini haoni? Niliona viatu vya njano vikishuka upande wa usukani, vikazunguka mbele ya gari. Halafu nikaona vyako vikizunguka nyuma." Alipanga fungu jingine. "Nikasema, huyu baba anamficha mwanawe. Na mimi ni mzazi. Ndiyo maana kila siku nakwambia nimekusamehe. Si nyonga, nyonga hukunivunja wewe. Ni ule uongo. Nilikuwa nangoja uje useme."

Niliokota nyanya moja mezani, nikairudisha.

"Mbona umekuja kusema leo?" aliuliza.

Ningeweza kumwambia ni dhamiri. Ningeweza kumwambia nimemkumbuka Mungu, na angeniamini, kwa kuwa nina mvi. Lakini uongo wangu mama huyu alikuwa ameubeba miaka sita kwenye nyonga yake.

"Nilikuwa natafuta bima," nikasema.

Alicheka kidogo kwa pua, akatikisa kichwa. "Na yule binti? Siku zote hizi alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa anaendesha basi la watoto wa shule. Miaka mitatu."

Mikono yake iliacha kupanga. Alinitazama, akautazama mkongojo wake, akanitazama tena, na uso ule niliokuwa nausalimu kila siku ukafungwa mbele yangu.

"Basi nirudishie msamaha wangu," alisema.

Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akibonyezabonyeza nyanya, akamwambia asizibonyeze.